Nguo ya Pili ni Dawa

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Afya na Usafi wa Mazingira, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni






 Siku hii tangu mwaka 2001 huadhimishwa duniani kote. Mada tuliyopewa ni "Mazingira tunamoishi na magonjwa ya kuambukiza". Ni mada pana. Tungeweza kuzungumzia malaria, kuhara, surua au kifua kikuu, na kila ugonjwa peke yake ungemaliza asubuhi nzima.

Tumechagua ugonjwa mmoja tu, kwa sababu tatu. Kwanza, uliwahi kuwapata maelfu ya watu katika nchi hii inayotupa hifadhi, na wengi wao waliishi katika kambi zilizofanana na yetu. Pili, wataalamu waliuchunguza hapa hapa Burundi, na waliyoyagundua hayafai kukaa katika majarida ya madaktari peke yake. Tatu, mambo yanayouleta ni baridi, msongamano, uhaba wa maji na sabuni, na kukosa nguo ya kubadili. Hayo hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza. Tunayajua.

Ugonjwa huo ni homa ya chawa, ambayo madaktari huiita tifasi. Tafadhali tusiichanganye na taifodi, ile homa ya matumbo inayoletwa na maji na chakula kilichochafuliwa. Majina yanakaribiana, lakini magonjwa ni mawili, na kila mmoja una njia yake na dawa yake.

Tunajua kwamba neno chawa linatia aibu. Hakuna anayependa kulitamka mbele ya wageni. Sisi tunalitamka leo kwa makusudi, kwa kuwa aibu hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa ugonjwa huu.

1. YALIYOTOKEA BURUNDI

Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi hii iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mamia ya maelfu ya watu waliacha nyumba zao. Wengine walivuka mipaka, wengine walibaki ndani ya nchi katika kambi za waliohamishwa. Aliyekimbia usiku alitoka na nguo aliyoivaa, na nguo hiyo ikawa ya kulimia, ya kulalia na ya kwenda nayo kanisani.

Mwishoni mwa mwaka 1995 homa kali ilizuka ndani ya gereza la Ngozi, kaskazini mwa nchi. Watafiti walipima damu ya wagonjwa tisa. Wote tisa walikuwa na alama za tifasi katika damu yao, na wawili kati yao walifariki. Kisha wakafanya jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule: waliwachukua chawa wenyewe wakawachunguza katika maabara, na katika chawa wawili wa mgonjwa mmoja wakakuta chembe za urithi za kijidudu cha tifasi. Kazi hiyo iliandikwa mwaka 1997 na Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, pamoja na wenzake, akiwamo daktari Mrundi Jean-Bosco Ndihokubwayo. Waliuita ugonjwa huo kwa jina lake la zamani, homa ya magereza.

Lakini gereza lilikuwa mlango tu. Katika miaka ya 1996 na 1997 homa hiyo ilienea katika kambi za waliohamishwa, vilima kwa vilima. Katika mwaka 1997 wagonjwa waliotambuliwa kwa dalili zao walipita 45,000. Wataalamu walisema kwamba dunia ilikuwa haijaona mlipuko mkubwa wa tifasi kama huo tangu Vita Vikuu vya Pili. Wengi wa wagonjwa walitoka sehemu zilizo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yaani sehemu za baridi.

Mmoja wa wahudumu wa afya Warundi tunaofanya nao kazi ni mzaliwa wa Nyarusange, kule Gitega. Ndiye aliyetueleza jina ambalo wananchi waliupa ugonjwa huo: sutama. Kwa Kirundi, gusutama ni kukaa kwa kukunja magoti, makalio yakikaribia visigino. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunasema kuchutama. Mgonjwa alikuwa anaumwa misuli ya miguu na ya mgongo kiasi cha kushindwa kunyoosha mwili, akabaki amechutama pembeni mwa nyumba. Watu wakaona, wakauita ugonjwa kwa jinsi ulivyomkalisha mtu. Hawakuwa na darubini, lakini walikuwa na macho, na jina walilolitoa liliingia katika majarida ya madaktari.

Mwaka 1997 watafiti walichunguza wagonjwa 102 wa sutama. Karibu watatu katika kila wanne walithibitishwa kwa vipimo kuwa na tifasi. Jicho la mwananchi lilikuwa limeona vizuri. Katika chawa wa wagonjwa hao kulikutwa pia kijidudu cha ugonjwa mwingine, homa ya mahandaki, iliyowatesa askari wa Ulaya katika vita vya 1914 hadi 1918. Askari katika handaki, mfungwa katika gereza na mhamishwa katika kambi wana jambo moja linalowaunganisha: wanalala wakibanana, na hawana nguo ya kubadili.

2. CHAWA ANAISHI KATIKA NGUO

Hapa tunaomba masikio yenu, maana hili ndilo jambo lenyewe.

Chawa wa kichwani, ambaye huwasumbua watoto wa shule, siye anayelaumiwa kwa milipuko ya tifasi. Mwenye hatari ni chawa wa mwilini. Naye kwa kweli haishi mwilini. Anaishi katika nguo, hasa kwenye mishono, kiunoni, kwapani na kwenye ukosi. Huko ndiko anakotaga mayai. Hutoka mara kadhaa kwa siku, huuma, hunywa damu, kisha hurudi katika mshono wake. Akitengwa na binadamu kwa siku chache tu, hufa kwa njaa.

Chawa akimnyonya mtu mwenye tifasi, kijidudu huingia tumboni mwake na kuzaliana. Kuumwa na chawa peke yake hakuleti homa. Homa huletwa na kinyesi chake. Mtu anawashwa, anajikuna, ngozi inachubuka, na kile kinyesi kinaingia katika mchubuko. Kinaweza pia kupeperuka kama vumbi mtu akikung'uta nguo, na vumbi hilo hubaki na sumu yake kwa muda mrefu. Chawa mwenyewe aliyeambukizwa haponi, hufa ndani ya wiki moja au mbili. Lakini kabla ya kufa amekwisha kuhama. Mgonjwa anapopandwa na homa kali, au anapokufa na mwili kupoa, chawa humkimbia na kutafuta mtu mwenye joto analolipenda. Naye kwa kawaida ni yule aliyelala karibu zaidi, mama, mtoto au muuguzi.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1909 na daktari Charles Nicolle katika mji wa Tunis, Afrika ya Kaskazini. Aliona kwamba wagonjwa wa tifasi waliwaambukiza watu wa nyumbani kwao, watu waliowapokea mlangoni mwa hospitali na watu waliozishika nguo zao. Lakini mgonjwa akishavuliwa nguo, akaoshwa na kuvikwa nguo za hospitali, hakumwambukiza tena mtu, hata wale waliolala naye chumba kimoja. Nicolle akajiuliza, ni kitu gani kilichobaki mlangoni? Kilichobaki ni nguo, na ndani ya nguo, chawa. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928.

Kwa hiyo, ndugu zetu, ugonjwa huu hautokani na kabila, wala tabia, wala laana. Mtu si mchafu kwa asili kwa sababu ana chawa. Mpe mtu yeyote, hata profesa, nguo moja kwa miezi mitatu, mlaze na watu saba katika chumba cha baridi, mnyime sabuni, naye atapata chawa. Na mtu huyo huyo ukimpa nguo ya pili, maji na sabuni, chawa watamtoka bila kumeza kidonge. Ndiyo maana tunasema nguo ya pili ni dawa.

3. TUNAVYOWEZA KUUTAMBUA

Homa huanza ghafla, siku 7 hadi 14 hivi baada ya maambukizo. Kichwa kinauma sana, misuli inauma, mgonjwa anatetemeka. Kwenye siku ya tano hivi vipele vidogo huweza kutokea kifuani na tumboni, lakini kwenye ngozi nyeusi mara nyingi havionekani, basi tusivisubiri. Wengine huchanganyikiwa, husema maneno yasiyoeleweka au hulala kama mtu aliyelewa. Bila matibabu, katika kila wagonjwa kumi anaweza kufa mmoja, hata wanne.

Shida ni kwamba siku za kwanza ugonjwa huu unafanana na malaria, na sisi tumezoea kusema kila homa ni malaria. Shauri letu ni hili: ikiwa kipimo cha malaria hakioni kitu, na homa haishuki, na mgonjwa au watu wa nyumbani kwake wana chawa katika nguo, mwambieni muuguzi habari ya chawa. Msimfiche. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha.

Maana dawa ipo, na si ya gharama kubwa. Ni doksisiklini. Kwa mtu mzima ni miligramu 200, yaani vidonge viwili vya miligramu 100, mara moja tu. Majaribio ya kutibu kwa dozi moja yalikwisha kufanywa katika nyanda hizi za juu za Maziwa Makuu miaka ya 1970, na mwaka 1997 dozi moja ya miligramu 200 ndiyo iliyotumika kupambana na sutama katika kambi. Lakini dawa hutolewa na muuguzi baada ya kumwona mgonjwa. Asiwepo wa kuinunua sokoni na kuwagawia watoto wake kwa kukisia.

Tuongeze jambo moja kuhusu wazee. Mtu aliyepona tifasi huweza kubaki na kijidudu kimelala mwilini kwa miaka mingi, kisha kikaamka anapozeeka au anapodhoofika, akapata homa nyepesi zaidi. Daktari Nathan Brill aliiona homa hiyo huko New York, kwa wahamiaji waliotoka Ulaya ya Mashariki, na Hans Zinsser akaeleza chanzo chake mwaka 1934. Wahamiaji wale walikuwa wameubeba ugonjwa tangu utoto wao, wakavuka nao bahari. Burundi ina watu wengi waliopona sutama mwaka 1997 na ambao sasa ni watu wazima na wazee. Je, tuwaogope? Hata kidogo. Mzee wa namna hiyo hawezi kumwambukiza jirani ikiwa hakuna chawa kati yao. Hatari si yeye, hatari ni chawa.

4. TUNAYOWAOMBA WAKAZI

Kwanza, aibu iishe. Mwaka huu tuliitembelea familia moja ambayo ilimficha baba mwenye homa kwa siku nne. Tulipouliza sababu, mama alisema watoto wake walikwisha kuitwa "watu wa chawa" kwenye bomba la maji, naye aliogopa jina hilo lingefika mpaka kituo cha afya. Bahati njema ilikuwa malaria, na baba alipona. Lakini siku nne zile zingeweza kutugharimu kambi nzima. Wazazi, wakanyeni watoto. Walimu, msimfukuze mtoto darasani kwa sababu hiyo, mleteni kwetu tusaidiane na wazazi wake.

Pili, joto ni silaha yetu. Chawa na mayai yake hufa katika maji ya moto sana, nyuzi 60 na zaidi. Kufua kwa maji baridi kunaondoa jasho na vumbi, mayai yanabaki katika mishono. Tunajua kuni na makala ni haba, na hakuna atakayechemsha maji kila siku. Basi majirani watatu au wanne washirikiane sufuria moja kubwa, mara moja kwa wiki. Mwenye pasi ya makala apige pasi kwenye mishono kwa ndani, na amwazime jirani.

Tatu, mwenye nguo mbili azipumzishe kwa zamu. Nguo iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko kwa wiki mbili bila kuvaliwa haina tena chawa aliye hai, kwa kuwa wakubwa wamekufa kwa njaa na watoto walioanguliwa wamekosa damu. Njia hii haihitaji kuni wala sabuni. Inahitaji nguo ya pili.

Nne, tuweke hesabu. Kila kiongozi wa mtaa aandike ni nyumba ngapi zina mtu mwenye homa wiki hii, aipeleke hesabu kwetu kila Ijumaa. Homa moja ni habari ya familia. Homa tano katika mistari miwili ya nyumba ni habari ya kambi.

5. TUNAYOWAOMBA MASHIRIKA

Ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika, mmeacha makwenu mkaja kutuhudumia, na tunawashukuru kwa dhati. Tuwaombe mambo matatu kwa heshima.

La kwanza, sabuni ihesabiwe pamoja na dawa. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika yenyewe yalianza kuvitunga mwaka 1997, vinasema kila mtu apate kila mwezi gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za sabuni ya kufulia, maji yasiyopungua lita 15 kwa siku, na nguo seti mbili. Hatukuvitunga sisi. Dawa zikichelewa wiki moja, simu hupigwa mpaka Bujumbura. Sabuni ikichelewa miezi miwili, tunaambiwa tuvumilie. Tunaomba simu ipigwe kwa ajili ya sabuni pia.

La pili, blanketi na nguo zije kabla ya baridi. Ninyi mnajua kwamba katika vilima hivi, tangu Muyinga mpaka Nyarusange, miezi ya Juni, Julai na Agosti usiku ni mkali. Mtu asiye na blanketi huvaa kila alicho nacho, usiku na mchana, na hulala akijibana na mwenzake. Hapo ndipo chawa anapopata nyumba. Blanketi linalofika mwezi wa Oktoba limemkosa mwenye baridi.

La tatu, wageni wapya wasipite bila kuangaliwa. Wanapopokelewa watu waliotembea siku nyingi, waulizwe juu ya homa, wapewe mahali pa kuoga kwa faragha na nguo ya kubadili, na ikilazimu wapakwe unga wa permethrini unaoua chawa. Lakini yafanywe kwa heshima, mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mtu aelezwe kwanza ni unga gani na wa nini. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu njiani asijisikie kama amefika mahali pa kunyang'anywa utu wake.

6. MWISHO

Wengi wetu tunaikumbuka Goma ya Julai 1994. Kipindupindu na kuhara viliwaangusha wakimbizi wa Rwanda juu ya mawe ya volkano, ambako hata kaburi lilikuwa gumu kuchimbwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Tangu hapo kila shirika linajua kwamba maji safi ni dawa, na mkimbizi akifika tu huoneshwa bomba. Sutama ya 1997 inatufundisha somo la aina hiyo hiyo, ila halijasikika sana, kwa kuwa chawa haonekani kama kipindupindu kinavyoonekana. Kipindupindu hubisha hodi kwa kishindo. Chawa huingia kimya, katika mshono.

Hatusemi haya kwa kuwa ugonjwa umeingia kambini. Hatuna mgonjwa wa tifasi, na tunamshukuru Mungu. Tunasema kwa kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwaka 1995 ufa ulikuwa gereza moja.

Tunamalizia kwa kuwashukuru wananchi wa Burundi, ambao waliyapitia haya wakiwa wahamishwa katika nchi yao wenyewe, na leo wametupokea sisi. Wao waliujua ugonjwa huu kwa kuuona ukiwachutamisha wapendwa wao. Sisi tumepata kuujua kwa kusimuliwa. Tuitumie bahati hiyo.

 

Kamati Ndogo ya Afya na Usafi wa Mazingira